Shampeni ya Dodoma Mbele ya Wazee wa Bariadi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlinzi hajafungua geti, nikaizunguka bohari ya vinywaji ya Nyalikungu, mjini Maswa, mpaka akaniuliza kama nimepotelewa na mbuzi. Ndivyo nilivyo. Hata sasa wajukuu wangu wameniambia nikae nisimulie kwa utulivu. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Jina langu ni Minza, binti Maduhu, mzaliwa wa Ipililo huko Maswa. Kazi yangu, kwa muda mrefu kuliko ndoa yangu, ilikuwa kuonja na kuuza mvinyo kwa watu ambao hawakuuomba.

Enzi hizo hakukuwa na Mkoa wa Simiyu. Maswa na Bariadi zote zilihesabiwa Shinyanga, na vinywaji vya chupa vililetwa na kampuni ya serikali, kwa mgao. Mgao maana yake unaletewa kilichopo, si ulichoagiza. Ukiomba bia unaletewa mvinyo, ukiomba mvinyo unaambiwa usubiri. Bwana Bohari, yaani msimamizi wa ghala letu, alikuwa mtu mpole aliyesinzia kwenye kiti mchana kutwa. Siku ile ya kwanza alinitazama nikipanga makreti, akasema, "Binti, polepole. Hizo chupa haziendi popote."

Nikamjibu, "Hizo haziendi, Bwana Bohari, lakini mimi nataka kwenda."

Alicheka mpaka usingizi ukamtoka. Lakini nilikuwa nasema kweli. Nilitaka kujua kilichomo ndani ya zile chupa, zinatoka wapi, na kwa nini watu wa mbali wazitengeneze kwa taabu kiasi hicho. Mama yangu alikuwa mpikaji wa pombe ya mtama, nami nilikua nikisikiliza mitungi ikichemka pembeni ya kitanda, kwa hiyo kwangu kinywaji hakikuwa starehe tu. Kilikuwa kazi ya mikono ya mtu.

Aliyenifundisha ni Bwana Mauzo wa Kanda, afisa aliyekuja kutoka Mwanza na Land Rover iliyokuwa inavuja mafuta. Mgogo yule, mtoto wa Dodoma, alikulia katikati ya mizabibu, na ukimwambia Dodoma ni jangwa alikuwa anakasirika waziwazi. Alinikuta siku moja nanusa kizibo, akaniuliza nanusa nini. Nikamwambia kinanuka gunia bichi. Akakichukua, akanusa, akaamuru kreti zima lirudishwe, maana ile ni harufu ya kizibo kilichoharibika na kuuharibu mvinyo pia. Tangu siku hiyo akija lazima aniite.

"Tazama, nusa, onja, tema," alikuwa akisema. "Mara zote kwa mpangilio huo."

"Kutema, Bwana Mauzo? Mbele za watu?"

"Ukimeza kila glasi, jioni utakuwa unauza viatu vyako."

Kwa hiyo nilijifunza kutema kwenye ndoo ya machujo, ndoo ya bati yenye mchanga chini ili isirushe. Nilijifunza kwamba uchachu wa mvinyo unausikia pembeni mwa ulimi, na ule ukakasi unaokausha fizi hutoka kwenye ganda la zabibu. Mvinyo usiobakiza sukari tuliuita mkavu, japo ni maji matupu, na wateja walitucheka sana kwa neno hilo.

Baadaye nilipelekwa Kalemela, kule ziwani, kufungua kituo kidogo. Bwana Kituo wangu alikuwa mtu wa ratiba: chai saa nne, usingizi saa nane. Mimi nilikuwa nazunguka mialoni na chupa kapuni. Wavuvi walionja, wakauliza kama kuna kitu kikali zaidi. Pale ndipo nilipojifunza kupoza mvinyo bila friji, kwa kuuviringisha kwenye gunia la katani lililolowa na kuuweka kivulini penye upepo. Maji yakikauka gunia linapoa, na chupa inapoa nalo. Friji letu la mafuta ya taa lilikuwa linapoza siku linapojisikia.

Kisha nikahamishiwa Bariadi, na ndipo dunia ikageuka. Sijui niwaelezeje ninyi mliozaliwa mkikuta kila kitu dukani. Biashara iliachiwa huru, na ghafla maduka yakajaa: sabuni za rangi, biskuti za Kenya, redio, bia za makopo. Pamba nayo, iliyokuwa inanunuliwa na ushirika peke yake, ikaanza kununuliwa na watu binafsi wenye mizani zao kwenye malori. Wote tulikuwa na kiherehere. Kila mtu alikuwa anaulizia nani anauza nini na kampuni ipi inafungwa. Kampuni yetu ikafungwa. Meneja wa Tawi alikuja na shati jeupe, akatusimamisha uani, akasema, "Kuanzia kesho msije." Hakutoa hata pole. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto wangu walikuwa shuleni wakilelewa na mama yangu Ipililo. Usiku wote nilikuwa natembea ndani ya chumba cha kupanga, na jirani akagonga ukuta.

Aliyeniokoa ni mnunuzi mmoja wa pamba aliyelichukua ghala la kampuni pale Bariadi, akafungua duka na akaomba uwakala wa mvinyo wa Dodoma. Wakala ni mtu anayepewa haki ya kuuza bidhaa ya kiwanda katika eneo lake, na watu wote wakamwita Mzee Wakala. Ajabu yake ilikuwa moja: alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwahi kuonja pombe tangu azaliwe. Hata togwa aliinusa kwanza. Aliuza mvinyo jinsi alivyouza mabati, ni bidhaa basi. Kwa kuwa hakuweza kujua kizuri na kibaya, alinitafuta mimi.

"Nasikia una ulimi," aliniambia.

"Ninao, Mzee. Na una maneno pia."

"Maneno sitaki. Nataka ulimi."

Tulifanya kazi vizuri, lakini mvinyo haukuwa unatoka. Watu wenye fedha walitaka bia za nje, wasio nazo walikuwa na pombe zao za nyumbani. Kanisani nako walianza kumsema. Kila Jumatatu alikuja dukani akiwa amenuna, akipangusa vumbi kwenye chupa kwa kitambaa chake cha mfukoni, na mimi nilihesabu makunyanzi ya paji lake kama mtu anayetazama mawingu. Niliogopa. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Ndipo kiwanda kikatuletea kitu kipya, mvinyo wa mapovu. Harusi za mijini zilikuwa zimeanza mtindo wa kufungua shampeni, lakini ile ya Ulaya iliyokuwa Mwanza ilikuwa ya bei ya ndama. Hii ya Dodoma ingeweza kununuliwa na mwalimu wa shule ya msingi, na bado akabaki na nauli. Mzee Wakala aliweka chupa mezani, akarudi nyuma hatua kadhaa asije akarukiwa.

"Onja. Niambie ukweli."

Nikatoa ile waya inayoshika kizibo. Chupa ya mapovu huvuti kizibo. Unakishika kizibo kwa nguvu, unaizungusha chupa yenyewe polepole, kinatoka kwa pumzi ndogo tu. Nikamimina. Rangi ilikuwa ya manjano hafifu, safi. Mapovu yalikuwa makubwa, yakapanda kwa fujo na kutulia mapema, nikajua hapo gesi imepulizwa kiwandani. Mapovu ya chachu iliyochachukia ndani ya chupa huwa madogo na hayachoki upesi. Ile njia ya chachu ni ndefu na ya gharama, ndiyo maana shampeni ya Ulaya ina bei ile. Nikanusa: pera bivu, na kwa mbali unga uliokandwa. Mdomoni ulianza na uchachu wa ukwaju, ukalainika na utamu kidogo, ukaishia na uchungu wa ganda la balungi. Nikatema.

"Vipi?"

"Si wa kushindana na wa Ulaya. Lakini ni msafi, unachangamsha, na haudanganyi. Kwa bei hii, Mzee, ni mzuri sana. Nasema kweli, nimeupenda."

"Unaumiza kichwa?"

"Nitakwambia kesho, nikimaliza chupa."

Hakucheka. Akakaa, akaniambia kwamba huo ndio mzigo wa mwisho atakaouchukua bila uhakika. Mzee Ng'wandu, mkulima mkubwa wa pamba na mwenye ng'ombe wasiohesabika, alikuwa anaoza binti yake, na watu wa Bariadi nzima wangekuwepo. "Tutaipeleka kule. Wakiikubali, tunaendelea, maana kila harusi itaitaka. Wakiikataa, nafunga, na wewe utarudi Ipililo." Nikasema sawa. Moyoni nilikuwa nimeanza kuwaona watoto wangu wakirudishwa nyumbani na madaftari yao.

Siku ya sherehe nilikuwepo tangu alfajiri nikilowesha magunia. Turubai lilitandazwa, viti viliazimwa shule, wazee wakakaa mstari wa mbele na kofia zao. Mchungaji wa Mzee Wakala naye alikuwepo, amewekwa karibu na sahani ya nyama. Upande wa pili walikaa wanawake waliopika pombe ya mtama, wakiongozwa na Bibi Holo, bingwa wa kazi hiyo wilaya nzima. Sikuweza kusimama mahali pamoja. Niliikagua kila chupa, nikaikagua tena.

Mshereheshaji akataka mlio. Nikamwambia mvinyo haufunguliwi kwa mlio, akasema watu wa Dar wanafungua kwa mlio, akaninyang'anya chupa akaitikisa. Chupa zile zilikuwa zimerushwarushwa barabara nzima kutoka Shinyanga, jua nalo lilikuwa limeshapanda. Kizibo kikaruka juu ya turubai, povu likamwagika kwenye suruali ya Mzee Lugembe, kaka mkubwa wa mwenye sherehe, ambaye neno lake ndilo lilikuwa la mwisho katika ukoo.

Vijana wakashangilia. Wazee hawakushangilia.

Bibi Holo akasimama, akaja, akaiinamia glasi iliyomiminwa, akatega sikio. Akasikiliza yale mapovu. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hii haijaiva. Bado inachemka."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi niliyekua pembeni ya mitungi, nilisahauje? Kwetu pombe inayotoa povu na kulia namna ile ni changa, chachu bado inafanya kazi, na ukiinywa itaendelea kuchemkia tumboni. Mpikaji anayeheshimu wageni wake hawapelekei kitu cha namna hiyo. Kumpa mkwe pombe ambayo haijatulia ni matusi. Minong'ono ikaenea, na mama wa bwana harusi akairudisha glasi yake mezani kwa ncha za vidole.

Mzee Lugembe akapangusa suruali, akauliza, "Nani kaleta kinywaji hiki?"

Mzee Wakala akasimama. "Ni mimi, baba."

"Basi onja, tuone."

Hiyo ndiyo desturi yetu, wala haikuwa ugomvi. Aliyekileta kinywaji ndiye anayeanza kukinywa, mbele ya watu, ili ijulikane kwamba moyo wake ni safi. Lakini Mzee Wakala hakuigusa glasi. Nikamwona akimtazama mchungaji, na mchungaji akaitazama sahani yake.

"Baba, mimi sinywi."

"Hunywi?" Mzee Lugembe aliwageukia wenzake. "Mnasikia? Katuletea kitu ambacho yeye hakinywi!"

Watu wakaangua kicheko, kicheko kibaya. Nikajitosa mbele. "Guku," nikamwita babu kwa Kisukuma, "nitaonja mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Wewe ni nani wake?"

"Mfanyakazi wake."

"Mayu, mama, mtu aliyetumwa hunywa chochote anachoambiwa. Hata sumu atakunywa, maana anaogopa kufukuzwa. Tunamtaka mwenye mali." Akaashiria kwa fimbo. "Kama hataki, rudisheni vitu vyenu garini. Tuleteeni pombe ya Holo."

Vijana wakaanza kuinua makreti. Nami nikaona, waziwazi kabisa, kwamba hapo ndipo maisha yangu yanapopakiwa garini. Hasira ikanipanda. Sikuwakasirikia wazee, walikuwa na haki. Nilikasirika kwamba kila mtu pale alikuwa na mahali pa kusimama isipokuwa mimi, ninayekijua kile kinywaji kuliko wote. Nikamgeukia bosi wangu.

"Mzee, wewe huwezi kunywa. Mimi naweza. Wanamtaka mwenye mali. Basi nipe hiyo mali."

"Unasema nini?"

"Nipe mimi. Hapa hapa, mbele ya watu."

Wanawake wakapiga yowe. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu mama kachanganyikiwa." Mzee Wakala alinisogelea, akanong'ona, "Minza, unajua unachoomba?"

"Najua. Mzigo huu ukirudi garini umekufa. Nipe ufe mikononi mwangu basi, kama ni kufa."

Akamtupia jicho mchungaji. Kisha akaichukua chupa kwa mikono miwili, akanikabidhi, akawageukia wazee. "Nishuhudieni. Mvinyo huu na ulioko dukani, na uwakala wake, nimempa Minza binti Maduhu. Mimi simo tena."

Mzee Lugembe akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Tumesikia," akasema. Na wao wakaitikia, "Tumesikia."

Nikamimina. Nikaishika glasi kwa mikono yote miwili. Mvinyo ulikuwa umeshapata joto, povu limepungua, uchachu umejitokeza mbele kuliko siku ile ya kwanza, na ile harufu ya pera ilikuwa imekimbia. Lakini chini yake ulikuwa mvinyo uleule, msafi. Hapakuwa na ndoo ya machujo, na hata ingekuwepo nisingetema mbele ya wakwe. Nikameza. Nikamaliza glasi nzima, nikaigeuza juu chini waone.

Wazee walisubiri, wakinitazama kama nitaanguka. Sikuanguka, lakini kutulia nako kulinishinda, nikawa nahama mguu huu na mguu huu mpaka Bibi Holo akasema, "Ama hii inaingia miguuni?" Hapo wakacheka kicheko kingine, kicheko cha watu. Mzee Lugembe akapokea glasi, akanywa kidogo, akafumba macho, akanywa tena.

"Inachoma ulimi," akasema. "Lakini inateremka vizuri. Wabeja, mayu," akanishukuru.

Bibi Holo naye akaonja, akalamba midomo. "Kweli imeiva. Sasa mbona inapiga kelele?" Nikamweleza habari ya gesi, akasikiliza kwa makini, akasema watu wa Dodoma wana taabu za kujitakia. Kisha akaomba aongezwe.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani kabla ya jua. Nilitegemea Mzee Wakala aje kuniambia kwamba yale yalikuwa maneno ya sherehe. Alikuja. Akasimama nje ya mlango ambao ufunguo wake wa pili ulikuwa mfukoni mwake, akasema, "Hodi." Akautoa ule ufunguo, akaniwekea mezani, akaondoka kwenda kwenye pamba yake.

Nilifanya biashara ile mpaka magoti yakagoma. Kuna miaka ya harusi nyingi na kuna miaka ya ukame, kuna miaka kiwanda kilipotea na kurudi na lebo nyingine. Nilisomesha watoto. Nilifundisha wahudumu wa Bariadi na Maswa kuzungusha chupa badala ya kuitikisa, japo washereheshaji wamenishinda, bado wanatikisa. Nilipostaafu nilifunga duka mwenyewe, mchana kweupe, na muda mrefu sikujua nifanye nini na asubuhi zangu. Bado sijui vizuri.

Kwa miaka yote hiyo, kila Krismasi, nilimpelekea Mzee Wakala gunia la mchele, na kila mara nilimshukuru kwa huruma aliyonionyesha siku ile. Mwaka nilipostaafu nilimkuta amezeeka sana, ameketi kitandani, nikamshukuru tena. Akainua mkono.

"Minza, huruma gani? Mchungaji alikuwa amenipa mpaka Jumapili niache pombe au niache kiti cha uzee. Nilishaamua kufunga. Hata wangeunywa wote siku ile wakalewa, kesho yake nilikuwa nakuachisha kazi."

"Lakini uliniambia wakiikubali tunaendelea!"

"Nilitaka uchangamke, uuze mzigo uishe." Akakohoa, akatabasamu bila haya. "Ulipoomba nikaona, kumbe mbele ya mchungaji naweza kuachana nao kwa heshima. Na kukuachisha kwenye duka lako mwenyewe, ningekuachishaje?"

Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Kumbe uzuri wa ule mvinyo haukuwa kitu. Ningeonja kwa ufundi wangu wote, wazee wangefurahi, nami ningerudi nyumbani nikishangilia kumbe kazi sina. Kilichonipatia maisha ni lile neno lililonitoka kwa hasira, ambalo nusura nilimeze.

Mchele niliendelea kumpelekea mpaka alipofariki. Kumshukuru niliacha siku ile ile.